Sauti ya Pili

Haya yalimpata rafiki wa dada yangu, mpiga saksafoni, alipokwenda ng'ambo na mwenzake kusomea muziki wa klasiki kiangazi kizima. Walijifunza kipande cha muziki cha watu wawili, yeye akishika sauti ya pili, mpaka midomo ikawachubuka. Siku ya onyesho mwenzake akamzunguka. Alimwambia mwalimu kwamba huyo wa sauti ya pili anamharibia, aachiwe akipige peke yake, na mwalimu akakubali.

Yule rafiki alishuka hadi chumba cha mazoezi, chini kabisa ya jengo, akazima taa akalia, amepakata saksafoni ndani ya sanduku lake. Huko juu saksafoni moja ikaanza. Kisha ikaingia sauti ya pili, na kwenye noti ile ndefu pumzi ikakatika palepale anapokosea yeye siku zote.

Makofi yalipokwisha, mlango ukafunguliwa.

"Kumbe umenisamehe, dada," mwenzake alisema gizani, huku analia. "Nilijua hutaniacha peke yangu jukwaani. Ila mbona hukunitazama hata mara moja?"

Yule rafiki alifungua sanduku akapapasa. Shaba ya saksafoni ilikuwa baridi. Lakini kile kipande cha mwanzi kinachotiwa mdomoni kilikuwa kimelowa mate, tena ya moto.