Landrova Kizingitini kwa Boke

Nyamhanga alikwenda kunywa uji tu, na aliporudi akakuta Landrova imegeuka. Alikuwa ameiegesha vizuri ikitazama ofisi ya kijiji kipya. Sasa pua yake imeziba nusu ya barabara ya Butiama, na lori la pamba linapiga honi.

Alichungulia ndani. Breki ya mkono imevutwa, gia imo. Mawe manne aliyoyabana kwenye matairi yalikuwa bado yamebana.

Bosi wake, Wenceslaus, msimamizi wa kuhamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa, akatoka ofisini akifoka. "Nyamhanga! Leseni ulinunua mnadani?"

"Ndugu, mimi nafungaga breki, naweka gia, nabana na mawe. Njoo uone mwenyewe."

"Gari halina miguu, mpumbavu wewe!"

Watu wakacheka. Miaka kumi na miwili ya udereva, Nyamhanga hajawahi kukwaruza hata mlango.

Kesho yake aliegesha palepale, akasimama kulinda. Ilipofika saa sita akasikia kitu chini ya injini: kru, kru, kru, kama mtu anasaga ulezi kwenye jiwe. Kisha ikaja harufu ya nyasi za paa zinazoungua, wala hapakuwa na moshi popote.

Mama mmoja, Gati, alikuwa anapita na kuni kichwani. Akakizunguka kivuli cha gari, hakukikanyaga.

"Baba," alinong'ona, "unajua hapo umesimamisha kwa nani?"

"Kwa nani?"

"Kwa Boke. Siku ya kutuhamisha, yule bibi alikataa kutoka, akabaki ndani anasaga ulezi. Bosi wako akasema paa lichomwe, atatoka mwenyewe. Hakutoka. Tulimzika kizingitini kwake mbiombio, malori yanatusubiri, baadaye ofisi yenu ikajengwa jirani hapa. Na nyinyi kila siku mnamwekea chuma kifuani."

Nyamhanga alilihamishia gari ng'ambo ya barabara, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Pale kuna kaburi."

"Nani kakwambia?"

"Kwani wewe hulijui?"

Wenceslaus akapiga meza. "Watu wanajenga nchi, wewe unaniletea mizimu! Pa kuegesha ni pale. Lete ufunguo!"

Nyamhanga akautupa mezani. "Chukua. Lakini kama ulimchomea mtu nyumba yake, usimkanyage na kaburini."

Wenceslaus aliirudisha Landrova mwenyewe, akavuta breki, akapandisha vioo, akabaki ndani anasoma faili ili kila mtu amwone. Watu wakakusanyika. Kru, kru ikaanza, mara hii wote wakaisikia, ikapanda kutoka ardhini hadi kwenye matairi, kutoka kwenye matairi hadi kwenye viti, na vioo vikaanza kuwa vyeusi kwa ndani, polepole, kama mtu anavipaka masizi kwa kiganja, na honi ikalia mfululizo, na mkono mmoja ukaonekana unapigapiga kioo, na gari lenyewe halikutikisika hata kidogo.

"Mwache!" Gati alimkamata Nyamhanga shati. "Mwache naye asikie!"

Nyamhanga alitamani kumwacha. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba alitamani. Akajinasua, akaokota jiwe, akavunja kioo.

Wenceslaus alikuwa hai. Nguo hazikuungua, nywele hazikuungua. Ila mdomo ulikuwa umejaa majivu, na alipoyatema hakuweza kutamka hata jina lake.

Nyamhanga alimkimbiza Musoma mjini huku anamtukana njia nzima, na yule mtu analia bila sauti. Hospitali wauguzi wakampokea, wakaingia naye. Nyamhanga akaegesha kando ya ukuta, mahali palipoandikwa magari yasimame. Akavuta breki, akaweka gia, akazima.

Harufu ya nyasi zilizoungua ikajaa ndani. Kutoka kiti cha nyuma, sauti ya bibi aliyechoka ikamuuliza:

"Na hapa, mwanangu, umemuuliza mwenyewe aliyelala chini?"

Nyamhanga hakugeuka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akakandamiza breki kwa nguvu zake zote, maana gari lilikuwa limeanza kwenda.