Magari Manane ya Brockmann

Gari liliingia soko la nyama la kitongoji cha Katutura likiyumba kama mlevi anayetoka msibani, na wateja wakatawanyika na mikate yao ya mafuta mikononi. Lilikuwa Land Cruiser jeupe, limeinuliwa kwa springi ndefu hata kizingiti cha mlango wake kikafika kiunoni mwa mtu mzima, na kichwani limebeba mahema mawili ya kulalia watalii. Dereva alikata kona kukwepa toroli la vitunguu. Gari likalala upande mmoja, likafikiri, likalala upande wa pili, ndipo likasimama.

"Nani kakunyang'anya stebilaiza?" sauti ya kike iliuliza kutoka kwenye moshi.

Natangwe, yule dereva, alichungulia dirishani. Chini yake alisimama mwanamke wa Kiherero katika gauni la bibi zetu, la buluu, refu mpaka ardhini, sketi juu ya sketi, na kilemba chenye pembe mbili kama za ng'ombe. Mkononi alishika kipande cha nyama kilichochovywa kwenye pilipili.

"Umesemaje, mama wa pembe?"

"Kile chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Nani kakitoa?"

"Wamekitoa ili lipande mawe vizuri. Umejuaje, ng'ombe wamekunong'oneza?"

"Ng'ombe wana akili kuliko aliyekitoa. Shuka. Nishikie hii."

Natangwe akashuka akicheka, kijana mrefu, shati la kaki limepigwa pasi hadi mikunjo ikawa kisu. Akapokea nyama. Yule mwanamke akaweka viganja viwili kwenye bampa, akasukuma mara tatu, akatazama gari likibembea. Kisha akakusanya sketi zake zote, akapiga magoti kwenye masizi na kuchungulia uvunguni. Wachoma nyama wakapiga makofi.

"Ukifika tisini kwenye lami, usukani unatetemeka?"

Kicheko cha Natangwe kikakatika. "Unatetemeka. Nikifika Okahandja mikono imekufa ganzi."

"Na ukiukunja haurudi wenyewe katikati."

"Mama, wewe ni mganga?"

"Mimi ni Vejaruka, fundi wa usukani na magurudumu. Wanaonijua wananiita Veja. Leo nimetoka harusini. Na hiyo nyama yangu umeila."

Alikuwa ameila kweli.

Gari lilikuwa moja ya manane ya Bwana Brockmann, mwenye kampuni ya kutembeza watalii jangwani. Babu yake Brockmann alipata shamba la hekta elfu kumi siku zile ambazo babu zake Veja walikuwa wanasukumwa jangwani na askari wa kikoloni wafe kwa kiu. Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Ya zamani kwa nani? Shamba bado analo, na pembeni ya ua wake ndipo yanapolala magari manane.

Jumatatu Natangwe alilipeleka gari gereji kwa Veja, kwenye mtaa wa viwanda. Brockmann alikubali litengenezwe hilo moja tu, kwa sababu ndilo lililokuwa likibeba wageni wake wa heshima. Natangwe alimkuta Veja ndani ya ovaroli ya kijani iliyobana kiuno kwa mkanda, nywele kazifunga kitambaa chekundu, na akajiuliza ni lini alimpenda zaidi, na pembe au bila pembe.

Mtu akikwambia gari la porini haliwezi kutulia kwenye lami, ama hajui ama anakubania pesa yake. Veja alisimamisha stendi nne, akafunga uzi wa kuvulia samaki kila ubavu wa gari, akapima kwa rula ya chuma kutoka uzi hadi rimu. Springi ndefu zilikuwa zimepindua ekseli ya mbele, magurudumu yakasahau njia ya kurudi. Akabadili bushi, yale mapira ya viungio, mpaka ekseli ikalala kama ilivyozaliwa. Stebilaiza akairudisha kwa mikono mirefu zaidi. Tangi la maji na tairi la akiba akayashusha kutoka juu ya paa. Shokapu akatupa, akafunga nyingine. Mwisho akavua viatu, akapanda.

"Unavua viatu kama unaingia msikitini," Natangwe alisema.

"Nyayo hazina huruma. Macho na masikio huwa yananidanganya nikimpenda dereva."

"Kwa hiyo umempenda?"

"Nimesema nyayo, kaka. Funga mkanda."

Kwenye barabara ya Okahandja alifika mia na kumi, akabakiza vidole viwili tu kwenye usukani. Gari likaenda kama limechorewa mstari. Kwenye kona likainama kidogo, kwa adabu, likanyooka.

"Mwaka mzima hili gari limenipiga," Natangwe akasema. "Leo limenibusu."

"Si gari."

Basi Veja alisimamisha pembeni, akambusu, malori yakiwapigia honi.

Simu zikaanza. Asubuhi: "Umeamkaje, fundi wa moyo wangu?" Mchana Veja humtania: "Umekula chakula, au viwavi vya kwenu kaskazini?" "Afadhali viwavi kuliko maziwa yenu yaliyoganda, Mherero wangu." Natangwe akiwa safarini jangwani alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao amwambie tu kwamba gari linakwenda sawa. Veja, mwenye miaka thelathini na minne na majeraha mawili ya mapenzi, alijikuta anapaka mafuta mazuri chini ya ovaroli.

Kisha Brockmann akataka vyeti. Msimu wa wageni ulikuwa umekaribia na watu wa bima walidai kila gari liwe na karatasi ya fundi anayetambuliwa, yenye muhuri wake. Alikuja gereji mwenyewe, kaptura na soksi ndefu, Natangwe nyuma yake kashika faili.

"Binti yangu," akamwambia Veja, "hilo moja umelitengeneza vizuri mno, na kwa bei kubwa mno. Yale saba yafungie kishokapu cha usukani, mtetemeko uishe, upige muhuri yote manane."

"Hautaisha, Bwana Brockmann. Utajificha. Siku utakapojitokeza, dereva atakuwa na nusu sekunde."

"Mgeni hajui tofauti."

"Lami inajua. Na mimi si binti yako."

Brockmann alitabasamu, akamgeukia Natangwe. "Nilidhani umesema mtaelewana." Akatoka.

Jioni ile simu ilikuwa na moto.

"Veja, kaniahidi usimamizi wa magari yote! Ofisi, kiti, jina langu mlangoni. Nikupeleke kwa mama yangu nikiwa mtu!"

"Sasa hivi wewe ni nini, kondoo?"

"Mihuri saba! Wino tu! Unanipenda mimi au unapenda vyuma?"

"Saba, Natangwe. Hosea ana watoto wanne. Anaendesha lile lenye ekseli mbovu kuliko yote."

"Hosea kaendesha miaka ishirini!"

"Basi anza wewe kuliendesha."

Akakata simu. Siku nne simu hazikupigwa. Nyinyi mliopenda mnazijua siku za namna hiyo. Mtu anatazama simu mpaka inamuonea haya. Jumapili mchana Natangwe alitokea mlangoni pa chumba cha Veja na chupa ya marashi, shati jeupe, macho mekundu.

"Nimekosa, kipenzi. Nimemwambia Brockmann atafute fundi mwingine. Ofisi yake akae nayo."

Veja alimwamini. Alipika nyama na uji mzito, wakala sahani moja, wakacheka, na joto la alasiri likamlaza kifuani pa Natangwe. Mkoba wake wa kazi ulining'inia kwenye msumari, hatua tatu kutoka kitandani. Usingizini alisikia kitasa, akadhani ni upepo. Alipoamka Natangwe alikuwa ameketi pale pale, anampepea kwa gazeti.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, kwenye lami ya kusini, ngiri alikatiza mbele ya gari la Hosea. Hosea alivuta usukani kidogo, kama ambavyo angefanya dereva yeyote. Kishokapu alichofungisha Brockmann kilikuwa kimeficha ugonjwa siku chache, pale kikashindwa. Usukani ukamponyoka, gari refu likalala, na kwa kuwa halikuwa na kitu cha kulizuia, likaendelea kulala. Lilibiringika mara tatu. Wageni wawili walivunjika mifupa. Hosea aliletwa mjini chini ya turubai la hema lake mwenyewe.

Polisi walikuja gereji na karatasi.

"Muhuri wako?"

Veja aliisogeza kwenye mwanga. "Muhuri wangu. Sahihi si yangu."

"Nani mwingine anaufikia?"

Akilini akaona msumari, mkoba, gazeti likimpepea. Akasema: "Nitajibu mbele ya hakimu." Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yake, na aliijua: alikuwa bado anampa Natangwe nafasi ya kukiri mwenyewe.

Mazishini Magrieta, mjane wa Hosea, alimtemea mate kwenye gauni. Veja hakujifuta.

Siku moja kabla ya kesi ya kifo cha Hosea, Natangwe alikuja gereji ndani ya suti ya kuazima, mabega yakipwaya. Alipiga magoti kwenye oili.

"Nataka kukuoa, Veja."

"Ili nisiseme?"

"Ili nisikupoteze."

Ukatili wenyewe ulikuwa hapa: yote mawili yalikuwa kweli. Alikuwa anaogopa jela, na alikuwa anampenda, na pete aliishikilia kwa vidole viwili, akimnyooshea Veja.

"Niliuchukua muhuri ukiwa umelala, nikaurudisha kabla hujaamka," akasema. "Brockmann aliniambia niuchukue. Akaniambia mapenzi yana faida zake. Nikacheka naye, Veja. Nilicheka."

Veja alikaa kwenye tairi kuukuu. Alilia, akamtukana, akamtukana mama yake aliyemzaa, kisha akamshika kichwa akakiweka mapajani, kwa sababu mwili hausomi mashtaka.

"Kesho sema mambo mawili," akamwambia. "Nani aliiba, na nani alimtuma. Ukisema mawili, magari yatazuiwa yadi siku hiyo hiyo, na Brockmann atatoa jasho. Ukisema moja, umeokoa ngozi moja."

"Watanifunga."

"Nitakusubiri hata meno yaning'oke. Naapa kwa waliolala jangwani."

"Nitasema mawili, mke wangu."

Akamvisha pete.

Mahakamani Brockmann aliweka wakili, suti ya kijivu, sauti ya asali. Wakili huyo alimhoji Veja kwanza.

"Bi Vejaruka, si kweli kwamba ndugu Natangwe alikuacha, na sasa unalipiza?"

"Hajaniacha. Jana kanichumbia." Akainua kidole. Watu wakacheka.

"Kwa hiyo unampenda."

"Nampenda. Andika. Na muhuri kauiba yeye. Andika na hilo, mstari huo huo."

Hakuna aliyecheka tena. Natangwe aliitwa. Alisimama wima, akasema kwa sauti safi kwamba aliuchukua muhuri mkobani, akapiga karatasi saba, akaghushi sahihi. Fundi hakujua lolote. Magrieta, kwenye benchi la mbele, aligeuka akamtazama Veja kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Nani alikutuma?" hakimu akauliza.

Brockmann alikuwa anafuta miwani yake kwa leso. Hakuinua macho. Natangwe alitazama ile leso ikizunguka, ikizunguka.

"Hakuna. Tamaa yangu ya cheo."

Brockmann akavaa miwani.

Walimtoa na pingu kwenye korido. Askari, mtu mwenye umri, aliwapa dakika moja.

"Nimekutoa, kipenzi," Natangwe alinong'ona. "Umeona? Muhuri wako umesafishika."

"Na la pili?"

"Brockmann ameahidi kumtunza mama yangu mpaka nitoke. Ningefanyaje? Wewe ungefanyaje?"

"Magari saba yako wapi?"

"Sita. Lile la Hosea..."

"Sita, haya. Ukiacha lako ulilotengenezewa. Yako wapi?"

Natangwe alijishughulisha na kuzisogeza pingu mkononi.

"Yako wapi, Natangwe?"

"Yametoka saa kumi na mbili asubuhi. Yana wageni. Kishokapu kinashika, Veja, wamefunga vipya..."

Askari akamgusa bega. Natangwe alikwenda hatua chache, akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Utanisubiri? Uliapa!"

Veja hakuivua pete. Watu wa ukoo wake hawavunji kiapo walichoapa kwa wafu, hata kinapokuwa kimeoza.

"Nitakusubiri," akasema. "Siku utakayotoka nitakuwa langoni, nimevaa, nimejipamba, na karatasi mkononi."

"Ya ndoa?"

"Ya majina ya wote watakaokuwa wameuawa na magari hayo. Nitakusomea mmoja mmoja, kuanzia Hosea. Na hutavuka kizingiti changu mpaka nimalize wote."