Anayeziba Shimo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima Malinche wakati Eulalia alipomfungulia Mzee Celedonio, mtega fuko, mlango wa ua. Fuko walikuwa wamemchosha jamani! Viazi wamekula, mizizi ya mpichi wamekata, na sasa, makubwa haya, hata nguo za kwenye kamba zilikuwa zinavutwa mashimoni. Soksi. Kitambaa cha kufunikia mikate ya tortilla.

Mzee alifanya ishara ya msalaba, akauliza swali analouliza katika kila ua kabla ya kutia jembe.

"Mama, kuna mtu amelazwa humu ardhini?"

"Nani tena alazwe humu? Chimba, mzee wangu, giza hilo."

Akachimba chini ya mpichi hadi njia ya fuko ikawa wazi. "Sasa tusubiri. Huyu mdudu hapendi upepo ndani kwake. Atakuja mwenyewe kuziba, nami namnasa."

Wakachuchumaa na taa yao. Kimya...

Kwaru. Kwaru.

Harufu ikapanda. Haikuwa ya fuko. Ilikuwa ya maziwa yaliyochacha.

Udongo ukaanza kusukumwa kutoka ndani, ukapigwapigwa hadi shimo likazibika. Mzee akasogeza taa, kisha akarudi nyuma.

"Fuko huziba kwa kifua," alinong'ona. "Hizi ni alama za vidole, mama."

Vitano. Vidogo kama punje za maharagwe.

"Nakuuliza tena. Ni nani?"

Eulalia alijua. Miaka tisa nyuma, mumewe akiwa kibaruani kaskazini mwaka wa pili, alijifungulia chini ya mpichi huu mtoto asiyekuwa wa mumewe. Kichanga kilipumua mara tatu, basi. Hakukipa hata jina. Alikuwa amekifunika kwa shali yake, lakini kabla ya kufukia akaivuta, akakiacha kitupu. Shali ilikuwa mpya, na watu wangeuliza iko wapi. Tangu siku hiyo hakuwahi kuona joto ndani ya shali hiyo bila kuona haya. Na shali ilikuwa mabegani mwake hata sasa.

"Hakuna mtu," akasema.

Mzee akakusanya mitego yake. "Basi sina kazi hapa. Anayeziba anaona baridi, mama. Na jibu lako amelisikia."

Alipobaki peke yake, Eulalia alilia mpaka kwikwi. Akafukua shimo kwa mikono, akaiweka shali kwenye mdomo wa shimo.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuogopa."

Shali ikavutwa. Polepole... mpaka tamvua la mwisho likazama. Akaenda kulala na moyo umemtua kidogo.

Alfajiri aliikuta shali miguuni pa kitanda. Imejaa udongo, na imekunjwa vizuri.

Kando yake, kwenye sakafu ya udongo, kulikuwa na kifusi kipya. Shimo lake lilikuwa wazi, halikuzibwa.

Eulalia akapeleka mkono ubavuni pake. Godoro lilikuwa limebonyea kidogo tu, padogo sana.

Palikuwa na joto.