Miguu ya Wawili

"Mkanda nimeukaza, mama. Nikisema sasa, unasimama. Haya, sasa."

Dada wa mazoezi alivuta mkanda mpana aliomfunga bibi kiunoni. Miguu ikatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Mwili ukainuka kidogo tu, kisha bibi akarudi kitandani pwaa.

"Mwanangu, unahangaika na gunia."

"Magunia hayana mdomo kama wako, mama. Pumzika, tutajaribu tena."

Simu ikaita chini ya mto. Alikuwa mumewe, dereva mstaafu wa malori, aliyelala wodi ya wanaume ya makao hayo hayo ya wazee, ng'ambo ya korido. Tangu avunjike nyonga hakuinuka tena.

"Abiria wangu, umeshapata miguu?"

"Bado, mzee."

"Ulipokuwa jengo la wanaotembea, ulivuka uwanja mzima kila siku kuja kuniona. Leo uko mlangoni kwangu, nakuona Jumamosi tu, ikifika zamu yako ya kiti cha magurudumu. Ugonjwa gani huu daktari hauoni?"

Bibi akamtazama dada wa mazoezi. Dada akajifanya anakunja shuka.

"Si ugonjwa. Nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Kila jioni walinitoa kwako, eti muda wa kutembelea umekwisha. Nikawaza, nikiacha kutembea watanileta huku. Nikasema magoti yamekataa. Chooni wakanibeba, mezani wakanibeba, nami nikabebeka. Masika yote sikukanyaga chini."

"Mke wangu."

"Nilijua nikishafika nitainuka tu, nije nikae nawe. Siku ya kwanza, wauguzi walipokwenda kula, nikashusha miguu. Mzee, haikuwepo. Nilianguka hapa hapa kando ya kitanda."

Bibi akamsikia mumewe akikohoa, kwenye simu na koridoni kwa pamoja.

"Umekasirika?"

"Miguu yangu ilikwisha siku ile ya nyonga. Nilikuwa natembelea yako. Ukija na vumbi la uwanjani kwenye viatu, nilijiona nami nimetoka nje. Ungeniuliza kwanza."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza."

Machozi yalimtiririka bibi hadi shingoni, hakuyafuta.

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Sijui tu tutaufanyia nini msamaha huo, wewe huko, mimi huku."

Mzee akakata simu. Bibi akaishika kifuani muda mrefu.

"Miguu itarudi?" akauliza.

Dada wa mazoezi akaketi kando yake. "Kwa umri wako, mama, miguu ikishalala hivi, wengi hawainuki tena. Sipendi kukudanganya."

"Usinidanganye. Nimeshadanganya ya kutosha mimi. Nivute tena."

Akavutwa. Safari hii mwili haukuachana hata na shuka.

Kengele ya chakula ikalia. Wagonjwa wengine walikuwa wanangoja. Dada akaufungua mkanda, akaanza kuukunja.

"Usiondoke nao. Uning'inize hapo niuone."

Akauning'iniza kwenye chuma cha kitanda. Alipoinama kuokota shuka iliyodondoka, akaona viatu vya bibi chini ya kitanda, vimepangwa sawasawa, vimeelekea mlangoni. Soli zilikuwa na udongo mkavu wa uwanjani.

"Nivifute, mama?"

"Viache hivyo hivyo."

"Basi, kesho."

"Kesho," alisema bibi, akageuza uso kuelekea korido.