Kahawa Tamu Mbele ya Simu Nyeusi

Kengele ya simu ililia mara moja, kidogo tu, kama kijiko kilichogusa glasi. Darsono hakushtuka. Aliitazama, maana waya wa kengele ulikuwa bado umelala mezani, haujafungwa popote.

Simu ilikuwa ya bintiye Ratri, aliyeiokota kwa wauza vitu vya kale pale mjini Semarang aupambie mgahawa wake. "Bapak, si ulikuwa fundi wa simu maisha yako yote? Iamshe basi!" Darsono akaipindua. Nzito, nyeusi, kamba imevishwa uzi, ndani vikombe viwili vya shaba vya kengele. Ya enzi za utawala wa Waholanzi, hakuna ubishi. Akaunga waya mbili za laini, akauacha ule wa tatu, wa kengele. Simu hizo, waya wa kengele usipokamatana na mmoja wa laini, ni bubu kabisa. Na laini yenyewe nyumbani mwake ilishakatwa zamani.

Ilikuwa Alhamisi. Kwa mila zao, kitu cha kale kikiingia nyumbani, jioni ya kuamkia Ijumaa huwekewa maua na kahawa chungu, aliyemo atoke, yaishe. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Sumirah, na Sumirah alizikwa mvua zilipoanza. Darsono hakumlilia. Si ushujaa huo, masikini. Alikufa ganzi tu, akawa anakula bila kuonja. Basi akakoroga kahawa mwenyewe, mikono ikajiendea kwa mazoea, ikatia vijiko vitatu vya sukari. Ndivyo alivyoipenda Sumirah. Akakiweka kikombe mbele ya simu.

Kesho yake, mchana kweupe, simu ikalia sawasawa.

"Mas," sauti ya mkewe ikasema, ikimwita vile vile alivyozoea kumwita mumewe, "umeshakula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe! Wali uko vilevile sufuriani."

Kweli, ulikuwa vilevile. Mtu mwingine angetimua mbio. Darsono alikaa, mkono wa simu sikioni, harufu ya sukari iliyoungua ikimjia puani, na moyoni hamna kitu. Ikawa kila mchana wanaongea.

Ratri alipokuja, mimba imemlemea, alimkuta babake anacheka peke yake.

"Bapak," alinong'ona, "unaongea na nani?"

"Na mama yako."

"Waya huu hapa mkononi mwangu, Bapak. Haujaungwa na kitu!"

Darsono akakata simu. Ikalia tena papo hapo. Ratri, sijui alipatwa na nini, akaipokea yeye, na Darsono akaisikia ile sauti aliyoizoea, ile ile ya kubembeleza, ikimwambia binti yake taratibu, "Nduk, mwanangu, huku baridi, nipe hicho ulichobeba nikipakate," ikarudia, na kurudia, na kila ikirudia Ratri anazidi kushika tumbo lake, midomo imekauka, mpaka mkono wa simu ukamponyoka na akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Bapak, mtoto hachezi."

Wakamwita Mbah Parti, mkunga na mganga wa mtaa. Bibi huyo hakuitazama simu. Alichovya kidole kwenye kikombe kilichokuwa bado mbele yake, akakilamba.

"Nani katia sukari?"

"Mimi," Darsono akasema.

"Ewe mwanamume! Jini hupewa chungu, anuse aende zake. Wewe umempa kikombe cha marehemu, naye kavaa sauti ya marehemu. Kuna aliyemwambia kwamba mkeo amekufa?"

"Hakuna."

"Mwambie. Kwa kinywa chako."

Darsono hakuwahi kulitamka neno hilo, hata makaburini. Akainua mkono wa simu.

"Mas, usiseme," sauti ikalia, "ukisema utabaki peke yako, nani atakuuliza kama umekula, nani atakuita Mas, nihurumie, mie si ndiye yule yule—"

"Sumirah amekufa," alisema. "Nilimzika mwenyewe."

Kilio kikampanda kutoka tumboni, akalia kwa sauti, kamasi zikimtoka. Simu ikanyamaza. Ratri akapiga ukelele: mtoto kampiga teke! Wakakumbatiana sakafuni, baba na mwana.

Mbah Parti alikata waya zote, akaifunga simu kwenye kitambaa cheupe ikatupwe mtoni. Akakoroga kahawa chungu kwa mkono wake, akamkabidhi Darsono. "Imwage mlangoni, umfungie njia ya kurudi. Yote." Kisha akamshika Ratri, akatoka naye kwenda kumpumzisha.

Darsono alisimama mlangoni na kikombe. Harufu ya sukari iliyoungua ikampanda puani. Akaonja kidogo. Tamu, vijiko vitatu vile vile, ingawa Mbah Parti hakutia sukari hata chembe, na tangu msiba hajawahi kuonja kitu kikawa na ladha.

"Bapak, umeshamwaga?" Ratri akauliza kutoka njiani.

"Nimemwaga, Nduk," akajibu, akainywa yote.