Maji ya Gari, Maji ya Mtu

Unajua. Usijifanye hujui. Malori mabovu yanapita mlangoni kwako yakivuja kama pua ya mtoto, nawe unageuza shingo: yasiyokuhusu ya nini. Basi leo utakaa usikie.

Mpira wa rejeta, unaopitisha maji ya kupoza injini, ulipasuka katikati ya jangwa, jua likichoma utosi. Boneti ikafuka mvuke, injini ikakohoa, ikazima. Dereva, waliyemwita Kobe, aliutazama mpira: kiraka juu ya kiraka. Alishamwambia tajiri mwenye lori. Tajiri akamjibu, "Ukiogopa kazi, kauze karanga."

Abiria wake alikuwa mmoja, shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Alikuwa amelikumbatia dumu lao la maji kama mwana wa kumzaa.

"Haya, shemeji. Safari hii utamnywesha nani? Mimi au gari?"

Mara ile ya kwanza, lori lilipoharibika jangwani humu humu akiwa na mdogo wake, Kobe alimimina maji ya kunywa kwenye rejeta, maana amri ya tajiri ilikuwa moja: gari kwanza. Yakavuja, mchanga ukayanywa. Akachoma tairi ili moshi uite msaada, lakini upepo ulivuma, moshi ukalala chini, asiuone mtu. Kiu ilipomzidi, mdogo wake akakinga mabaki ya rejeta, yenye dawa ya kupozea injini, akayanywa. Alikufa akitapika.

"Dumu kaa nalo wewe," Kobe alisema. "Nikilisogelea, nipige spana."

"Nitakupiga hata usipolisogelea."

Wakajilaza uvunguni mwa lori, wakinywa kwa kifuniko. Upepo ulichapa mchanga machoni.

"Twende kwa miguu," mwanamke alisema.

"Jua litatumaliza. Lala."

"Basi choma tairi!"

"Upepo, shemeji. Mpaka utulie."

Kesho yake dumu likakauka. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa gogo kinywani. Alasiri Kobe alimkuta shemeji yake amepiga magoti mbele ya rejeta, kifuniko mkononi, macho yamemtoka. Hakubishana naye. Alifungua koki ya chini, maji ya kijani yakachuruzika mchangani. Mwanamke alimrukia, akamng'ata bega mpaka damu. Kobe hakumsukuma. Alisimama pale pale mpaka tone la mwisho.

Alfajiri upepo ukakata. Kobe akaburuta tairi la akiba, akalimwagia dizeli. Nyingine ikamrukia mkono wa shati. Kiberiti kilipowaka, mkono nao ukawaka. Aliufukia mchangani akilia bila machozi. Lakini moshi ulisimama wima, mweusi, kama mlingoti. Wachimba chumvi waliuona kutoka ng'ambo ya vilima, wakaja na gari lao.

Mkono ule ulikatwa hospitalini. Shemeji yake alikaa kando ya kitanda, akasema, "Sijakusamehe. Ila ungeyamwaga maji yale na siku ile."

"Siku ile sikujua."

"Sasa unajua. Utalala na ujuzi huo humu ndani?"

Hakulala nao; kidonda kilipopona, alitoka. Asubuhi hii, lori jingine la tajiri yule yule linapakiwa, mpira wake wa viraka, dereva wake kijana mgeni wa jangwa. Kobe amesimama getini kwa tajiri na mkono wake mmoja, shemeji yake ubavuni. Tajiri anawacheka, injini inanguruma, na watu wawili hawatoshi kuziba geti.

Wewe je, bado umekaa? Vaa viatu. Toka. Njoo usimame mbele ya lori hilo, sasa hivi, kabla halijatoka.