Tunu Hachezi Singeli

Saa kumi na mbili asubuhi Adelard huwa ameshafika kazini. Geti hufunguliwa saa tatu, lakini abaki nyumbani afanye nini? Anaishi Mtoni, chumba kimoja cha kupanga. Mkewe, Flaviana, alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao wa pekee, Loveness, ameolewa Mwanza. Tangu Flaviana aondoke, mzee wa watu anaamka, ananawa uso, anafunga mlango, anatoka. Hata uji alishaacha kupika. Ukiungua, amwambie nani?

Kazi yake ni kutunza tembo. Ndiyo, tembo, hapa hapa Dar es Salaam, mbele kidogo ya Mbagala, kwenye bustani ya wanyama ya Bi Thuraya. Bustani yenyewe si kubwa. Ina kobe, nyani watatu, mbuni mmoja mwenye hasira za bure, na Tunu.

Tunu ni tembo jike wa miaka tisa. Aliletwa akiwa hajafikisha hata mwaka. Wakulima walimkuta ametumbukia kwenye shimo la maji, mama yake hayupo. Marehemu mume wa Bi Thuraya akaomba kibali, akamchukua. Adelard ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa. Wiki za mwanzo alilala naye bandani, maana mtoto alikuwa analia.

Sasa Tunu ni mkubwa, lakini mambo ni yale yale. Akimsikia Adelard anakohoa tu getini, anatandaza masikio, ananyoosha mkonga juu ya uzio. Adelard anaushika mkonga na kuanza kumpa habari.

"Tunu mama, mkaa umepanda tena. Yule mpangaji wa chumba cha mbele kahama. Halafu Loveness kapiga simu, mjukuu kaota jino."

Tunu anasikiliza mpaka mwisho. Niambie wewe, ni nani mwingine Dar hii atamsikiliza mzee nusu saa nzima bila kuchungulia simu?

Jumamosi na Jumapili ndipo watu hujaa. Bi Thuraya huweka spika mbili kubwa na kufungulia singeli. Muziki ukianza, Tunu huyumba kulia, huyumba kushoto, kichwa chini, kichwa juu. Watoto wa Temeke wote wanamjua. Getini kuna bango lenye maandishi mekundu: NJOO UMWONE TEMBO MCHEZA SINGELI. Watoto wanapiga makofi mpaka mikono inauma, na Adelard anasimama pembeni kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyemfundisha.

Mwezi wa sita Tunu alianza kuchechemea. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa umepasuka chini, na ulikuwa unatoa usaha. Adelard aliuosha kwa maji ya chumvi wiki nzima. Haukupona. Bi Thuraya akamwita daktari wa wanyamapori.

Daktari alikuja Jumamosi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya mvua, na jina lake ni Kokushubila.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Na jina hilo, wewe ni wa kwetu Bukoba."

"Wa Kamachumu kabisa."

Adelard alifurahi. Akamfungulia mlango mdogo wa uzio. Daktari aliutazama mguu, akautazama na ule mwingine, kisha akainama kuigonga sakafu kwa ngumi.

"Hii ni saruji tupu, mzee. Anasimama hapa siku nzima?"

"Na uwanjani pia. Lakini uwanja wenyewe ndio huu unaouona."

"Tembo ameumbwa kutembea, tena kwenye udongo. Kwa siku anaweza kwenda kilomita kumi, ishirini, hata zaidi. Asipotembea, miguu inaoza. Huu ugonjwa umetoka chini ya miguu yake."

Wakati huo huo singeli ikaanza. Tunu akayumba. Watoto wakapiga kelele za furaha.

"Unaona anavyocheza?" Adelard alisema. "Huyu anachezaga kuliko vijana wa Mbagala."

Daktari hakucheka. Alimtuma mtu akazime spika. Watoto wakaguna, wakanuna. Muziki ulinyamaza, lakini Tunu aliendelea. Kulia, kushoto. Kichwa chini, kichwa juu.

"Mbona muziki umeisha na yeye hajaacha?" daktari aliuliza.

"Ah, wimbo umemkaa kichwani. Hata sie binadamu inatutokea."

"Mzee Adelard, hachezi. Tembo akifungiwa mahali padogo, peke yake, bila kazi, bila mwenzake, huanza kuyumba hivi. Ni dalili kwamba anateseka. Mwituni humkuti tembo anafanya hivi siku nzima."

Adelard alihisi moto usoni. Miaka yote hii! Alitaka kumfokea daktari, mtoto wa juzi, lakini adabu ikamzuia.

Walikaa barazani kwa Bi Thuraya. Bi Thuraya alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Mumewe, marehemu Awadh, alikuwa na duka Chang'ombe kabla ya kuanzisha bustani. Mama huyo alimimina kahawa, akasikiliza mpaka daktari akamaliza.

"Mwanangu, hebu nawe nisikilize," Bi Thuraya alisema. "Huyu tusingemchukua angekufa shimoni. Hapa hakuna jangili wa kumpiga risasi. Anakula, anaoga, anapendwa. Halafu watoto wa huku wangapi wataweza kwenda Mikumi? Wengine tembo wao wa kwanza ni huyu. Mtu atalindaje mnyama asiyemjua?"

"Hayo yote ni kweli, mama," daktari alijibu. "Mlimwokoa, na wala siwezi kusema mlikosea. Wataalamu wenyewe wanabishana. Wengine wanasema bustani za wanyama zinafundisha watu na kulinda uhai. Wengine wanasema tembo asifungiwe kabisa. Lakini wote wanakubaliana kwa hili: tembo jike asikae peke yake. Huyu kwa asili anaishi na mama, bibi, mashangazi, wadogo zake, maisha yake yote. Bibi ndiye anayewaonyesha njia na maji. Wanaongea kwa sauti nzito ambayo sisi wala hatuisikii. Tunu hana wa kuongea naye."

"Ananiongelesha mie!" Adelard alidakia. "Mie ndio familia yake. Miaka minane sijakosa hata siku moja. Hata siku ya kumzika mke wangu, jioni nilikuja kumpa majani."

"Najua, baba. Ndiyo maana bado yuko hai." Daktari aliweka kikombe chini. "Unaondoka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Unarudi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Hizo saa za katikati, Tunu yuko na nani?"

Hizo saa Adelard alikuwa anazijua. Alikuwa anazijua moja moja, pale chumbani Mtoni, redio ikiongea na ukuta. Alisimama, akaenda zake bila kuaga.

Siku tatu alimnunia daktari, ambaye alikuwa anakuja kutibu mguu. Akiulizwa anajibu "ndiyo" au "hapana", basi. Moyoni alikuwa anaogopa. Daktari alikuwa ameshauri Tunu apelekwe kituo cha tembo yatima, nacho kilikuwa bara, kando ya hifadhi, mbali. Tunu akienda, yeye atabaki na nani? Ukiondoa mjukuu aliyeota jino huko Mwanza, hakuna kiumbe kilichokuwa kinamngojea popote.

Siku ya nne alifika mapema kuliko kawaida. Akapita mlango wa nyuma. Akajizuia asikohoe. Akajibanza nyuma ya tangi la maji, akachungulia.

Hapakuwa na muziki, wala watoto. Tunu alikuwa amesimama kona ya uwanja, uso kwenye ukuta. Alikuwa anayumba. Kulia, kushoto. Chini ya miguu yake saruji ilikuwa imelika, imeng'aa, kwa kuyumba pale pale siku zote. Adelard alikuwa anafagia mahali pale kila asubuhi. Hakuwahi kujiuliza pamelikaje.

Alilia. Hakuona aibu, na nani angemwona? Kisha akaenda barazani kumngojea Bi Thuraya aamke.

"Mama, tumwachie aende," alisema.

"Adelard, wewe utaweza?"

"Sitaweza. Lakini aende."

Kumsafirisha tembo si sawa na kumpakia mbuzi. Vibali vilichukua miezi miwili. Katika muda huo daktari aliwaelekeza namna ya kumpunguzia Tunu taabu. Walimwaga malori mawili ya mchanga juu ya saruji. Walikata matawi mabichi na kuyaficha huku na huku, ili ayatafute kama porini. Muziki ulizimwa moja kwa moja. Mguu ukaanza kukauka.

Mafundi wa kuchomelea wa Chang'ombe walitengeneza sanduku kubwa la chuma, lenye mlango mkubwa nyuma na mlango mdogo mbele. Mafundi wa Keko wakalipiga mbao ndani, asijikwaruze. Likawekwa uwanjani.

"Hatumsukumi, wala hatumchapi," daktari alisema. "Tutamwekea chakula ndani kila siku, mpaka alizoee mwenyewe."

Wakaweka matikiti. Tunu akayanusa kwa mbali, akageuka. Wakaweka viazi vitamu. Hakutaka. Wiki mbili zikapita hivyo.

"Sanduku limemshinda," fundi mmoja alisema.

Daktari alimtazama Adelard. Adelard alielewa. Aliinuka polepole, akaingia yeye mwenyewe ndani ya sanduku, akakaa kwenye mbao.

"Tunu mama," alianza, "mkaa umepanda tena."

Tunu alitandaza masikio. Akaweka mguu mmoja ndani. Akautoa. Adelard aliendelea na habari zake: mpangaji mpya wa chumba cha mbele ana watoto wanne, kelele mtindo mmoja. Kesho yake Tunu aliweka miguu miwili. Baada ya siku kumi aliingia mzima, akala viazi juu ya magoti ya Adelard.

Hapo ndipo mzee alipoonja uchungu wenyewe. Tunu asingeingia kwa mtu mwingine. Yeye aliyemlea ndiye alitakiwa kumfundisha kuondoka. Kila alipofanikiwa, watu walimpa mkono wa hongera, naye alikuwa anatamani kulia.

Siku ya safari Adelard aliingia sandukuni kwa mara ya mwisho. Tunu akamfuata bila wasiwasi wowote. Mzee akamshika mkonga.

"Leo sina habari, mama. Nenda kwa wenzako."

Akatoka kwa mlango mdogo wa mbele. Mlango mkubwa ukafungwa nyuma. Kreni ikanyanyua sanduku, ikaliweka juu ya lori. Daktari akapanda. Adelard alibaki uwanjani na ufagio mkononi, na mchanga ulikuwa umejaa nyayo.

Nisikudanganye, mwezi uliofuata ulikuwa mbaya. Mzee alikonda. Siku nyingine hakwenda kazini kabisa. Jirani yake Hamida, yule mama wa watoto wanne, aligonga mlango.

"Baba, shikamoo. Mbona unajifungia? Toka ule na sie."

Alikataa mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu akatoka, akala ugali na mlenda, watoto wakimpandia mgongoni. Hakuwa amepona, lakini siku hiyo alikula.

Bi Thuraya naye alilishusha lile bango. Pale uwanjani alijenga banda la kufundishia, na siku za likizo akawa anakodi basi kupeleka wanafunzi Mikumi, wakaone tembo wakiwa na familia zao. Kabla ya safari, Adelard ndiye huwaeleza. Anawaambia tembo ni nani, anakula nini, anaishi na nani. Anawaambia pia alichokosea yeye. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza, "Babu, sasa wewe hukuona kwamba anaumwa?" Akajibu, "Nilimwona kila siku, mjukuu wangu. Sikujua ninachokiona."

Baada ya miezi mitano daktari alimchukua kwa gari lake, wakaenda kituoni. Walisimama nyuma ya uzio, juu ya kilima kidogo. Chini, kando ya bwawa, kulikuwa na tembo saba. Adelard alimtambua mara moja. Tunu alikuwa amejaa tope mpaka masikioni. Hakuwa anachechemea. Hakuwa anayumba. Jike mkubwa alikuwa amemwekea mkonga mgongoni, na wadogo wawili walikuwa wanamsukumasukuma.

"Usiku analala chini, kwa ubavu, maana haogopi," daktari alisema. "Katikati ya wenzake."

Adelard alishika waya za uzio kwa mikono miwili. Kukohoa tu kungetosha. Tunu angegeuka, angetandaza masikio, angekuja mbio.

"Haya, mwite," daktari alisema. "Umetoka mbali kote huku."

"Nikimwita atakuja."

"Si ndiyo raha yake?"

"Halafu jioni nitaondoka." Adelard alitikisa kichwa. "Mama yake alimpotea. Mie nikampakia kwenye lori. Mara ya tatu sitaki aachwe, tena na mimi."

Jike mkubwa aligeuka kuelekea porini. Mmoja mmoja wakamfuata. Tunu alikuwa wa nne. Adelard aliziba mdomo kwa kiganja asije akakohoa, na alikaa hivyo mpaka wa mwisho alipoingia vichakani.